Ng'ombe wa Baba Kinywani Mwangu

Kucheka mtacheka, hilo nalijua, na wala sitawazuia, maana hata mama yangu mzazi alicheka mpaka akakaa chini mavumbini na kitenge chake kipya cha Jumapili, ila nawaomba jambo moja tu, mkishamaliza kucheka msiwakumbushe watu wa Kamanga, kwa sababu kule habari hii wanaijua kuliko ninavyoijua mimi niliyefikwa nayo, na kila nikienda nyumbani likizo lazima nishuke kivukoni nikutane na mtu mmoja (safari hii alikuwa muuza mahindi ya kuchoma, wakati ule hata kuzaliwa alikuwa hajazaliwa) ananiuliza, "Dada Kabula, umekuja nayo au ipo mnadani?" Nikimwuliza nani kakuambia, anasema bibi yake. Aibu ya namna hiyo haizeeki, inarithiwa.

Tuanze na meno. Mimi meno niliota yote, hakuna lililopungua, shida ni kwamba mawili ya juu upande wa kushoto yalibadilishana nafasi. Lile jino la chonge, lenye ncha, ambalo kwa watu wote hukaa jirani na meno ya mbele, kwangu lilikwenda kuota nyuma ya gego dogo, na hilo gego dogo likasogea mbele likakaa pa chonge, na kwa kuwa pale nyuma nafasi haikutosha, chonge likatokeza nje juu ya ufizi kama mtu aliyekosa kiti harusini akaamua kusimama mlangoni. Haliumi, halitikisiki, linakula nyama vizuri tu. Lakini mimi nilikuwa binti wa kidato cha pili, na binti wa kidato cha pili akishaambiwa mara moja na wavulana kwamba ana jino la mbwa, basi. Nikajifunza kucheka na kiganja mdomoni, na baadaye nikaona hata kiganja ni kazi, nikaacha kucheka.

Aliyegundua ni baba. Baba yangu ni mkulima wa pamba, ana ng'ombe wachache (hao wachache msimwambie nimewataja, kwetu ng'ombe wa mtu hawahesabiwi hadharani), na ni mtu wa maneno ya kubana. Jioni moja tunakula ugali na furu, vile visamaki vya ziwani, kaka yangu akasema jambo la kuchekesha, wote wakacheka, mimi nikainamia sahani. Baba akaacha kula akasema, "Huyu mtoto kicheko chake kimeenda wapi?" Hakuuliza tena, lakini wiki ile ile akavaa koti lake la kwendea mjini, akanivusha ziwa hadi Mwanza.

Miaka ile ya tisini serikali ilikuwa imeruhusu tena madaktari wafungue kliniki zao binafsi, na pale Mirongo, ghorofani juu ya duka la vitambaa, alikuwepo mama mmoja wa Kihaya, Dokta Koku, aliyetoka kusomea mambo ya kunyoosha meno nje. Akanifungua mdomo, akamwita baba aje achungulie na yeye. "Mzee, haya meno yamehamiana. Hili limekaa kwa mwenzake na mwenzake kakaa kwake."

"Yarudi kwao," akasema baba, kama anaamua kesi ya mpaka wa shamba.

"Hayarudi, mzee. Mizizi yake itagombana humo ndani na tunaweza kuyakosa yote mawili. Tutayanyoosha hapo hapo yalipo, kila moja likubali kiti lilichokalia, halafu mwishoni hili nitalipunguza ncha lifanane na wenzake. Hakuna atakayejua." Kazi hiyo ingefanywa na pleti, yaani kipande cha plastiki ya rangi ya waridi kinachokaa juu kwenye kaakaa, kina nyaya zinazoshika meno na kuyasukuma taratibu, na kila mwezi nivuke kwenda kukazwa nyaya hizo.

Bei sitaitaja, itoshe kusema kwamba tuliporudi nyumbani baba alikwenda moja kwa moja zizini. Kulikuwa na dume moja jeupe lenye mabaka meusi, jina lake Madoa, ng'ombe mzuri kiasi kwamba watu wakipita njia walikuwa wanasimama. Siku ya mnada wa mifugo Madoa akaenda, hakurudi. Jioni hiyo akaja Baba Mkubwa, kaka yake baba, mtu ninayempenda sana ila mdomo wake hauna breki. "Ng'ombe huuzwa kwa ugonjwa," akasema, "huuzwa kwa ada ya shule, hutolewa mahari. Ng'ombe wa jino ndiyo kwanza nasikia, na jino lenyewe haliumi. Hiyo plastiki ataipoteza kabla mtama haujavunwa, na wewe utakuwa umemtupa ng'ombe wako ziwani."

Baba akamjibu neno moja tu. "Atacheka."

Habari ikaenea, kama mnavyojua vijiji vyetu. Kwenye pombe walimwimba, kivukoni walimwita Mzee Jino. Yeye akaendelea na pamba yake. Ila nyumbani akaanzisha utani wake, ile pleti akaibatiza jina la Madoa, na kila jioni kabla ya kulala ananiuliza, "Madoa yupo zizini?" nami naachama mdomo kwenye mwanga wa kibatari aone nyaya zinang'aa, naye anasema, "Haya, fungeni mlango." Hapo ndipo mwelewe, ndugu zangu, kwamba kitu nilichokuwa nimebeba mdomoni hakikuwa plastiki. Kilikuwa heshima ya mzee wangu.

Sasa tufike kwenye siku yenyewe, Sikukuu ya Mavuno. Kwa kanisa letu siku hiyo kila nyumba inaleta ilichojaliwa, mwenye kuku analeta kuku, mwenye boga boga, mayai, mtama, mihogo, vinapelekwa mbele madhabahuni, na ibada ikiisha vinatolewa nje vinauzwa kwa mnada, fedha inabaki kanisani. Mwaka ule alialikwa mchungaji mgeni kutoka mjini, na mimi, baada ya miezi mitatu ya Madoa, nikapewa kuongoza wimbo peke yangu. Mimi, niliyekuwa naimba midomo imebana kama ninaficha pipi.

Tatizo ni kwamba ukiimba na pleti mate yanajaa na kila herufi ya "s" inatoka na mluzi. Nikaamua (na hapa ndipo shetani alipochukua daftari la mahudhurio) niivue kidogo tu, wimbo mmoja, halafu niirudishe. Dokta Koku alishanionya: vua wakati wa kula na wa kupiga mswaki, na ukivua iingie kwenye kikasha chake, isiingie kwenye leso, isiingie mfukoni. Kikasha kilikuwa nyumbani, sketi ya sare ya kwaya haina mfuko. Nikageukia ukutani, nikaivua, nikaifunga kwenye leso yangu nyeupe yenye maua, na hapo mwisho wa benchi letu palikuwa na beseni la mama la michembe, limefunikwa kitambaa. Michembe, kwa msioijua, ni viazi vitamu vilivyokatwa vipande vikaanikwa mpaka vikauke kau kau. Asubuhi mama alisema wazi kabisa, kuku ni wa sadaka, michembe ni ya shangazi, tukitoka kanisani tunampitishia. Kuku alikwishakwenda mbele. Beseni lingebaki hapo hapo, mahali salama kuliko mfuko. Nikaingiza mkono chini ya kitambaa, nikaizika leso katikati ya michembe, nikaenda kuimba.

Jamani, niliimba. Sijisifu, ulizeni. Beti ya kwanza nilifungua mdomo kwa mara ya kwanza mbele ya watu, sauti ikatoka ilikokuwa imejificha, wamama wakaanza vigelegele, nikamwona baba amevua kofia ameishika kifuani. Beti ya pili nikamwona mama anafuta machozi kwa upindo wa kitenge. Kisha nikamwona anasimama. Kisha nikamwona anainama mwisho wa benchi, anajitwika beseni, anakuja mbele kwa madaha, anacheza taratibu kwa kufuata wimbo ninaouimba mimi mwenyewe, kadiri ninavyoimba vizuri ndivyo anavyosogea madhabahuni, na mimi siwezi kunyamaza kwa kuwa ndiye ninayeongoza. Nilijaribu kumtolea macho. Akaona nimejawa na Roho, akaongeza mwendo. Mpaka leo wanasema beti ya tatu niliiimba kwa uchungu ambao haujapata kusikika Kamanga.

Wimbo ulipoisha nikamkimbilia. "Mama, si ulisema michembe ya shangazi?"

"Shangazi yako atakula mingine," akasema, na macho bado yana maji. "Leo Mungu kanionyesha mtoto wangu akifungua mdomo, nimpe kuku mmoja tu?" Sasa wewe ungemwambia nini mama wa namna hiyo?

Nikasubiri nje kwa Mzee Masanja, mzee wa kanisa na mnadi wetu wa miaka yote. Nikapiga goti. "Shikamoo mzee."

"Marahaba Kabula. Umeimba mpaka nimesahau goti linaniuma."

"Mzee, naomba nichungulie lile beseni la michembe, kuna kitu changu."

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Mwanangu, sadaka haichunguliwi, inanunuliwa. Nikikuruhusu wewe uchungulie michembe, kesho kila mtu atataka kuchungulia mayai." Na kweli hiyo ndiyo ilikuwa sheria, kitu kikishapita madhabahuni si chako tena mpaka ukinunue. Na mimi sikuwa na hata senti.

Nikamwendea baba, nikamkuta amesimama bega kwa bega na Baba Mkubwa, yaani watu wote wa Kamanga wamejaa pale, yeye kasimama na huyo huyo. Ningeweza kusema ukweli pale pale. Lakini nikisema Madoa yumo kwenye beseni, Baba Mkubwa angesikia, na baba angeyasikia maneno yale ya mtama mbele za watu. Nikaongea nimebana midomo. "Baba, naomba uninunulie ile michembe."

"Michembe iliyotoka nyumbani kwangu?"

"Nimeitamani, baba."

Siku nyingine angenifukuza. Siku ile nilikuwa nimeimba. Beseni lilipopandishwa juu ya meza, Mzee Masanja akasema, "Michembe hii imeletwa kwa machozi ya mama, nani anaanza?" Baba akaanza. Nami nikaanza kupumua. Sasa Baba Mkubwa, ambaye nyumbani kwake ana magunia ya michembe, akaona mdogo wake anajionyesha mbele ya mgeni, akapandisha. Baba akapandisha. Baba Mkubwa akapandisha tena, watu wakaanza kushangilia, wengine wanasema mwachieni Mzee Jino, wengine wanasema kaka mtu asikubali, na michembe ile ikafika bei ambayo mtu angenunua kuku wawili na ndizi za kupikia. Mwishoni Baba Mkubwa akanyoosha mikono. Beseni likawa la baba. Nilimshukuru Mungu kwa Kisukuma na kwa Kiswahili.

Lakini mnawajua wazee wetu. Mtu aliyemshinda kaka yake mnadani hawezi kujitwika beseni kimya kimya akaenda zake, na kanisani kwetu mnunuzi ana ruhusa ya kukitoa kitu zawadi. Baba akalishika beseni kwa mikono miwili, akatembea nalo, akanipita mimi niliyenyoosha mikono, akaenda hadi kwa mgeni. "Mchungaji," akasema, "binti yangu ameimba leo. Michembe hii ni yako, ukale na nyumba yako mjini."

Vigelegele. Mimi mikono bado nimeinyoosha.

Mchungaji naye alikuwa Msukuma wa kweli, akasema kwamba huko mjini hajaonja michembe siku nyingi, na badala ya kulibeba beseni akaliweka chini, kama mtu mstaarabu, mkono ukapita moja kwa moja chini ya kitambaa. Ukatoka na leso yangu. Uso wake ukang'aa, kwa sababu kwetu mtu akitaka kumpa mchungaji kitu bila kujionyesha humfungia fedha kwenye leso. "Na ndani yake mmeniwekea na siri," akasema, akainyanyua juu kila mtu aione, akafungua fundo.

Pale kwenye kiganja cha mtumishi wa Mungu kulikuwa na kitu cha rangi ya ufizi, kimebinuka kama kaakaa la mtu, kina nyaya zimejikunja pembeni kama miguu, na kimepakaa unga wa viazi. Mchungaji hakukitupa, mtu wa watu, lakini akautoa mkono pembeni apate wa kumpokea. Bibi mmoja akarudi nyuma akasema taratibu, "Hicho hakijatoka kwa Mungu." Mwingine akasema kitupwe. Mzee Masanja, mnadi wetu shujaa, akakichukua na leso yake kwa ncha za vidole, akakishikilia mbali na mwili, na kuanza kuteremka nacho kuelekea ziwani, na ziwa lenyewe pale kanisani si mbali, ni kushuka tu. Mama akawa ameshika mdomo, maana beseni ni lake na kila mtu anamtazama yeye.

Nikamtazama baba, bado hajaelewa. Nikamtazama Baba Mkubwa. Nikamtazama Mzee Masanja anakaribia maji, na nikasikia kabisa masikioni mwangu, umemtupa ng'ombe wako ziwani.

"Mzee, usitupe," nikasema. Nikakimbia nikamshika shati. "Usitupe, ni yangu. Ni meno. Yaani si meno, ni ya kunyooshea meno, niliivua ili niimbe."

Kanisa zima likageuka kunitazama mdomoni. Nikapandisha kiganja kufunika. Na hapo Baba Mkubwa akasema, wala si kwa sauti kubwa, "Si nilisema?"

Baba akaja. Alikuja polepole, nami nilikuwa nimejiandaa kwa lolote, kofi, matusi, hata kufukuzwa. Akamfikia Mzee Masanja, akaichukua ile pleti kwa mkono mtupu, akaifuta unga kwa kidole gumba, kisha akamgeukia mgeni. "Mchungaji, utanisamehe. Michembe nimekupa kwa moyo wote, sidai. Lakini huyu ng'ombe ni wangu."

Mchungaji akatazama huku na huku kumtafuta ng'ombe.

Baba akamweleza, mbele ya watu wote waliomwita Mzee Jino, bila kuinamisha kichwa. Akasema meno ya binti yake yalihamiana, akaacha kucheka, akasema alikuwa na dume lake Madoa na sasa Madoa ndiye huyu hapa, amekonda tu. Akaagiza jagi la maji ya kunawia, akaisuuza mwenyewe vizuri, akanipa pamoja na jagi na ile leso. "Mrudishe zizini."

Nikaachama mbele ya kanisa lote, wazee kwa watoto, na mchungaji mgeni amesogea kabisa aone. Nikaisukuma juu, ikaingia, ikalia ka. Mzee Masanja akatikisa kichwa akasema, "Kumbe zizi lenyewe la seng'enge." Basi hapo ndipo mama alipokaa chini. Mchungaji akacheka mpaka miwani ikadondoka kwenye michembe, bibi aliyesema hakijatoka kwa Mungu akawa anajipiga mapaja, na mimi, ambaye mkono mmoja una jagi na mwingine una leso, kwa hiyo sina cha kufunikia mdomo, nikacheka. Nilicheka kwa sauti, meno yote nje, lililohama na lililohamiwa.

Nilimsikia baba anamwambia kaka yake, "Umesikia?"

"Nini?"

"Anacheka."

Baba Mkubwa akanitazama. Nikaona na yeye uso unamshinda, lakini mtu mzima hakubali kirahisi, akasema kwamba hata hivyo yule dume alikuwa na kwato mbaya. Kisha akainama, akamtwisha mchungaji beseni lake.

Meno yangu yalinyooka, na hayakurudi kwao. Chonge limekaa kwenye kiti cha gego mpaka leo, limepunguzwa ncha, na hakuna anayejua isipokuwa Dokta Koku, Mungu, na watu wote wa Kamanga. Nilichojifunza ni hiki: ukivua kitu chako kiweke mahali pake, na usizike siri yako kwenye chombo cha mama, kwa sababu mama akifurahi hujui atakitoa kwa nani. Tangu siku ile sijaacha hata kitana kwenye beseni la mtu, na sitaacha.

Baba sasa ni mzee, meno yake ya juu yamekwisha, nami nilimvusha ziwa nikamtengenezea ya bandia, naye ana pleti yake ya rangi ya waridi. Kila jioni nampigia simu, nikishampa shikamoo na akishaitikia namwuliza kama Madoa yupo zizini.

"Yupo mwanangu, nimemfunga," ananijibu. "Ila Jumapili namwacha nyumbani. Kule kuna mnada."